Joho Lisilofuliwa

Bwenini, 23 Septemba 1996

Kwako mdogo wangu Gombojav,

Habari za Shar Bulag? Nyasi zimekauka vizuri mwaka huu, au ndiyo zile za kupeperushwa na upepo? Kondoo wameshika mafuta ya kuwavusha baridi? Sisi hapa tunasukuma tu. Bomba la jiko la bweni limeziba tena, kwa hiyo wiki nzima nimekuwa na masizi usoni, na watoto wananicheka kila nikiwapa mgongo. Mguu unaniuma asubuhi, mchana unanisahau.

Sasa lililonishikisha kalamu. Undral yuko kwako? Nijibu hilo kwanza, mengine yatafuata. Jumamosi asubuhi nilikuta kitanda chake kimetandikwa vizuri kuliko siku zote, na mwenyewe hayupo. Nimezunguka mji mzima, hadi kisimani, hadi nyuma ya duka wanakojificha wavulana wakubwa kuvuta sigara. Mwisho mke wa Lhagva, yule dereva wa lori, ndiye akaniambia, "Mbona ameondoka na mume wangu? Amesema baba yake amemwita."

"Na ninyi mkaamini?"

"Dada Yanjmaa, mtoto kasimama kwenye baridi na begi lake, anatetemeka. Tungemwambiaje, lete ushahidi?"

Sielewi nilikosea wapi. Nilimpokea kama ninavyowapokea wote wanaotoka malishoni: nikamwogesha, nikamchana nywele kutafuta chawa, nikachemsha nguo zake zote hadi kitambaa cha kichwa. Tena yeye nilimpa shuka jipya nililokuwa nimelificha kabatini kwa ajili yake. Mwalimu Oyun, mwalimu wa darasa lake, amenijia juu mbele ya wenzangu: "Mtoto wa ndugu yako, na wewe ndiye mlezi wa bweni. Ukishindwa wewe, nani ataweza?"

Mrudishe upesi. Ana miaka kumi, yuko la tatu, na kila juma analokosa wenzake wanamwacha.

Jambo jingine. Vitu vya marehemu mke wako umeshavipeleka kwa watawa hekaluni? Matanga yaliisha zamani. Nguo za aliyeondoka hazikai hemani, zinamshika miguu yeye na ninyi mliobaki. Nilikuuliza kwenye barua ya kiangazi, ukanijibu habari za mbuzi.

Dada yako,
Yanjmaa

*

Shar Bulag, 14 Oktoba 1996

Dada Yanjmaa,

Mifugo ina mafuta. Nyasi ni za wastani. Tumehamia kambi ya baridi mapema kwa sababu kisima cha kule juu kimeanza kuganda. Pole na bomba, gonga na mti mrefu kwa juu, usiingize mkono.

Undral yupo. Hajambo, anakula. Lhagva ni mjinga, lakini alimleta hadi mlangoni na hakutaka hata chai, kwa hiyo sikumtukana sana.

Nitamleta ardhi ikikaza kwa baridi. Sasa hivi yule farasi wa kahawia ameumia mguu. Tena kuna manyoya ya kushindilia kwa ajili ya kuta za hema, na kazi ile mtu mmoja haiwezi. Anasoma kitabu chake jioni. Ananisomea na mimi. Sijui kama anasoma kilichoandikwa au anatunga, maana juzi kulikuwa na hadithi ya ngamia, na picha haikuwa na ngamia.

Anakusalimu. Anasema shuka lilikuwa jeupe sana.

Kuhusu vile vitu, nitaangalia.

Gombojav

*

Bwenini, 20 Novemba 1996

Gombojav,

Salamu za mifugo na za baridi zimo ndani ya moyo, leo sina subira ya kuziandika zote. Majirani zako wazima? Vema.

Ulimleta mwisho wa Oktoba, nikakushukuru. Ulimshusha langoni, ukamnusa shavu la kulia, ukamwambia la kushoto utalinusa akirudi, kama baba alivyokuwa akitufanyia sisi. Chai hukunywa. Mimi dada yako nilikuwa dirishani na birika mkononi, nawe ukageuza farasi. Sawa. Lakini mtoto akakaa majuma mawili na siku chache akiosha shavu moja tu, na juzi ameondoka tena, safari hii na gari la mafuta. Dereva huyu si wa huku. Fikiria hilo, mtoto wa kike, dereva asiyejulikana, na theluji njiani!

Nikueleze anavyokaa hapa, maana najua hujamuuliza. Halali. Taa zikizimwa anakaa kitandani amejifunika shuka mabegani, macho wazi. Wenzake wamempa jina, wanamwita Bundi. "Bundi, leo umekamata panya wangapi?" Hawana ubaya, ni watoto, na yeye huwajibu, ana ulimi wa mama yake. Nimemhamishia kitanda cha karibu na jiko. Nimemlaza chumbani kwangu. Nimempa maziwa ya moto yenye mafuta juu. Anasema, "Asante, Shangazi," kisha anakaa vilevile, na saa ya hesabu anasinzia juu ya dawati. Na bado Mwalimu Oyun anasema akiwa macho hakuna anayemfikia kusoma.

Usiniambie habari za farasi. Kwa mtu mwenye kundi la farasi kama lako, hawawezi wote kuumia mguu kwa pamoja. Niambie kweli. Kuna nini hemani kwako kinachomvuta huyu mtoto siku nzima ya safari?

Yanjmaa

*

Shar Bulag, 18 Desemba 1996

Dada Yanjmaa,

Barua yako imekaa kwa Lhagva hadi barabara ilipopitika, ndiyo maana nachelewa. Dhoruba imepita hapa, tumepoteza mbuzi wachache tu, majirani wamepoteza zaidi. Mbwa mwitu wako karibu. Undral ni mzima.

Umeniambia niseme kweli. Haya.

Undral alipokuwa na miaka miwili ulikuja hapa na kitambaa cha heshima cha buluu kwenye viganja, ukapiga goti mbele ya jiko, ukatuomba tukupe awe mwanao. Sikatai, ni desturi yetu, ndugu humpa ndugu asiyejaliwa. Mimi nilinyamaza. Marehemu ndiye aliyesema hapana. Ukanywa chai ukamaliza, ukaondoka, na hukukanyaga Shar Bulag tena hadi siku ya mazishi.

Sasa marehemu hayupo wa kusema hapana. Nawe una bweni, una mwalimu, una mkuu wa shule, una shuka jeupe ulilolificha kabatini. Mimi nina kondoo. Kila barua yako inasema mrudishe, mrudishe. Nami kila nikiisoma naona shule ni mlango wa kumpitishia mwanangu aje kwako.

Kama nimekukosea, nimekukosea. Ulitaka kweli.

Huku theluji inafika magotini. Hatoki mtu.

Gombojav

*

Bwenini, 12 Januari 1997

Gombojav,

Barua imefika. Mifugo na iwe salama.

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Amesema Undral asiporudi baada ya sikukuu ya mwaka mpya, Mwezi Mweupe, jina lake litafutwa, na mwakani hatapokelewa, kwa sababu vitanda vya bweni ni vichache na wanaovingoja ni wengi. Nimemwomba anipe hadi mwisho wa Februari. Amekubali kwa shida.

Kuhusu lile jingine uliloandika, sina la kusema.

Nimemtumia glavu. Za kushona mwenyewe, kama zinakuudhi mpe mtoto wa jirani.

Yanjmaa

*

Shar Bulag, 17 Februari 1997

Dada yangu Yanjmaa,

Mwaka mpya ukuvushe salama. Tumeuanza vizuri, majirani wamekuja, tumekula vifuko vya unga vilivyojazwa nyama hadi Undral akafungua mkanda. Glavu amezivaa siku ya sikukuu, akalala nazo. Sikumpa mtoto wa jirani.

Uliniuliza kuna nini hemani kwangu. Sikukujibu kwa sababu sehemu moja nilikuwa najua na niliona utanikaripia, na sehemu nyingine sikuijua hadi juzi.

Kondoo mmoja amezaa kabla ya wakati, wenzake bado mwezi mzima. Ni jike lililozaa kwa mara ya kwanza, halijui lolote. Limemnusa mwanawe likampiga kichwa. Undral akalikalisha kwenye kona ya zizi, akamsogeza mwanakondoo chini ya kiwele, akaanza kuliimbia ule wimbo wa kulibembeleza limkubali mwanawe, toig, toig, toig. Unajua sisi tunavyofanya, ukichoka na toig unamweleza kondoo mambo yako, ilimradi sauti isikatike. Mimi nilikuwa nje ya ukuta wa zizi nachota theluji. Akamwimbia hivi:

"Toig, toig, usimkatae, ni wako huyu. Mnuse. Ana harufu yako bado. Toig, toig, yangu mimi shangazi aliifua. Aliichemsha kwenye sufuria kubwa, akaianika. Toig, kitambaa kikarudi kinanukia sabuni. Wako hajafuliwa, mnuse basi, mnuse."

Dada, kile kitambaa cha kichwa kilikuwa cha mama yake. Alikuja nacho shuleni kimekunjwa ndani ya begi, hakikuwa cha kuvaa. Hakukuambia kwa sababu ulikuwa umeshakichemsha, na hakutaka ujisikie vibaya. Hayo nimemuuliza baadaye, akanijibu akitazama pembeni.

Sasa sehemu yangu. Joho la marehemu la kila siku, lile la kahawia, sikulipeleka kwa watawa. Vingine vyote nilipeleka. Hilo liko kwenye kasha la chini, chini ya mablanketi. Nilikuwa nikiona kasha halikufungwa sawasawa, nikajisemea, Gombojav umezeeka, jana usiku uliliacha wazi. Kumbe tulikuwa wawili. Mimi nalifungua yeye akiwa amelala, yeye akilifungua mimi nikiwa machungani. Mwaka mzima tunakaa hema moja na hatujaambiana.

Hicho ndicho kilichokuwa kikimvuta. Nami nilimwacha akae kwa sababu hema likibaki na mimi peke yangu na kasha, siwezi. Imetosha hiyo, sitaandika zaidi.

Lhagva anamleta Undral na barua hii. Kwenye begi la tandiko kuna joho. Usilifue. Usilichemshe. Usilianike juani. Najua sheria ya bweni lako, najua na chawa. Sikuombi kama mlezi wa bweni, nakuomba kama dada.

Nilitaka kulibakiza hadi majira ya kuzaa, nilivae mimi. Kondoo wetu wamezoea mkono wa mwanamke na harufu ya joho hilo, wakimwona mwanamume akija kuwabembeleza wanakimbia. Nilidhani nitawadanganya. Basi, nitatafuta njia nyingine.

Mdogo wako,
Gombojav

*

Bwenini, 16 Machi 1997

Mdogo wangu Gombojav,

Majira ya kuzaa yameshaanza huko? Upepo wa vumbi haujawazika? Sisi hapa makaa yamekwisha, tunawasha mavi makavu ya ng'ombe, na kusema kweli bweni lina joto kuliko wakati wa makaa. Mguu hauniumi tena asubuhi, siku hizi unaniuma jioni. Undral ni mzima. Anawasalimu wewe, mbwa, yule kondoo wa mara ya kwanza, na mwanawe, kwa mpangilio huo.

Analala, Gombojav. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kiti mlangoni nikimngojea akae kitandani kama kawaida yake. Akalikunja joho upande wa ndani nje, akaliweka chini ya shavu, na kabla sijamaliza kufuma mstari mmoja akawa anakoroma. Anakoroma kama wewe. Wenzake wanasema afadhali Bundi, huyu mpya anatingisha vitanda.

Hajakosa darasa tangu alipofika. Mwalimu Oyun ameacha kuniita pembeni. Juzi alinikuta jikoni akaniuliza, "Umemfanya nini?" Nikamwambia sijamfanya kitu, nimeacha kumfanyia. Hakuelewa, na sikumweleza.

Lakini ngoja nikuchekeshe. Wiki iliyopita amekuja mkaguzi wa afya kutoka makao makuu ya mkoa, mwanamke mmoja mkali, anapita kitanda kwa kitanda na magunia, kila kitambaa kikapigwe mvuke. Nikaona anakaribia kitanda cha Undral. Mtoto alikuwa darasani. Mimi mlezi wa bweni, miaka kumi na tisa nachemsha nguo za watoto wa watu, nikalichukua joho nikalivaa. Marehemu alikuwa mwembamba. Kifungo cha kwapani hakikufika, na cha shingoni kilikuwa kikinikaba. Mkaguzi akaniangalia juu hadi chini akasema, "Mama, joho hilo linakubana."

"Nimenenepa baridi hii," nikamwambia.

"Nalo likafuliwe."

"Nikilivua nitabaki uchi, na hapa ni shule."

Akaenda zake. Nami nikaingia stoo ya mablanketi, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la unga. Nikaisikia harufu ya lile joho, moshi, maziwa, na marehemu mwenyewe. Mdogo wangu, nililia. Tangu azikwe sikuwa nimemlilia. Nilikuwa na hasira naye, kwamba aliniambia hapana, na kwamba amekufa kabla hatujapatana.

Kwa hiyo nakujibu lile la Desemba. Ndiyo, nilimtaka Undral. Namtaka hadi leo. Nilipolificha shuka lile nilikuwa nalificha kwa ajili ya mwanangu. Na usiku nikimtazama alivyolala nafurahi, kisha wivu unanikata, kwa sababu halali kwa ajili yangu, analala kwa ajili ya joho. Lakini shule sikuifanya mlango. Nikisema aje darasani, nataka aje darasani. Hata angekuwa mtoto wa mtu nisiyemjua ningekuandikia hivyohivyo, ila labda kwa matusi machache.

Sasa kondoo. Najua watakusumbua, na sitaki ujione unalazimika kumwita Undral. Mitihani ni mwisho wa Mei, akitoka sasa ndiyo basi. Wewe uimbe mwenyewe. Mama alikuwa akiivuta ile toig mwishoni na kuishusha, taratibu, huku akijifanya hana haraka. Wewe tangu utotoni unaimba kama mtu anayeita mbwa. Usiwaite, wabembeleze.

Dada yako anayekukumbuka,
Yanjmaa

*

Shar Bulag, 16 Mei 1997

Dada yangu,

Nimechelewa kuandika kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Wamezaa karibu wote. Upepo ulikuwa mbaya mwanzoni mwa Aprili, kisha ukatulia. Mbuzi nimewachana manyoya, majirani wamenisaidia. Nyasi zinachipua upande wa jua. Mbwa mzima.

Sitakuficha, wanakondoo kadhaa nimewapoteza. Mama zao waliwakataa nami sikuweza. Nilipoanza kuimba wale wakubwa walinitazama, wakatazamana, wakaondoka. Jirani yangu alikuwa akipita na farasi, akasimama kusikiliza. "Gombojav," akaniuliza, "umeumwa na nini?" Nikamwambia nabembeleza. Akasema, "Basi mimi ningekuwa huyo mwanakondoo ningekufa haraka."

Nikafanya ulivyosema, nikavuta mwisho na kushusha. Usiku nilikuwa nikimwimbia jike mmoja mkaidi, yule mwenye pembe iliyovunjika, ambaye marehemu pekee ndiye aliyemweza. Nikaishiwa na toig. Nikaanza kumweleza mambo. Nikamwambia mwenye joho hayupo, na joho nalo halipo, limekwenda shule. Nikamwambia hema lina baridi hata jiko likiwaka, na nikipika nyama napika ya watatu, namwita mbwa anisaidie kumaliza. Nikamwambia na mimi nimekataliwa na kila kitu, usinikatae na wewe. Sijui nilisema mangapi. Kulikuwa kunapambazuka nilipoona mwanakondoo ananyonya na mkia unacheza. Jike alikuwa ananinusa mimi mkono. Harufu yangu, dada, si ya mtu mwingine. Baada ya huyo waliobaki hawakunisumbua sana.

Sasa hili nisingependa ulisome mbele ya Undral.

Wiki iliyopita kazi ilipopungua nilitandika yule farasi wa kijivu nije kumchukua. Sikuwa na sababu. Nilitafuta njiani ya kukuambia wewe na mwalimu, nikakosa hata moja nzuri, na bado nikaendelea. Nililala bondeni, asubuhi nikafika kwenye kile kilima cha juu ya shule. Niliona paa la bweni na moshi wako. Watoto walikuwa uwanjani, wanakimbizana kabla ya kuingia darasani. Nikasimama nimtafute. Wote mmewavisha nguo zile zile, dada. Sikumtambua. Nilitazama mmoja, nikasema ni huyu, akageuka, kumbe mvulana.

Nikajua nikiteremka ataniona, akiniona atapanda, na akipanda sitamrudisha. Najijua. Nikageuza farasi.

Usimwambie nilifika. Mwambie baba anaimba vizuri siku hizi.

Gombojav

*

Bwenini, 29 Mei 1997

Mdogo wangu mpenzi,

Wanyama washibe nyasi mpya, na nyasi ziwatoshe. Hapa tumefungua madirisha yote, bweni linanukia vumbi na jua. Watoto wanahesabu siku za likizo kwenye ukuta niliotoka kuupaka chokaa.

Sikumwambia kitu. Hakukuwa na haja. Alikuona.

Nilikuwa koridoni na ndoo. Kengele ilikuwa imeshalia, wameingia wote, na Undral amesimama dirishani mwa darasa. Wenzake nao wakaja kuchungulia. "Nani yule kilimani?" Mmoja akasema ni mchunga farasi anatafuta waliopotea. Undral akasema, "Ni baba yangu. Nani mwingine anakaa upande kwenye tandiko namna ile?"

Mwalimu Oyun alinitazama mlangoni, nami nikamtazama. Akamwambia, "Undral, unaweza kutoka. Nenda ukamsalimu." Na mimi, Gombojav, ndoo ilinianguka mkononi, maana nilijua akitoka hatutamwona tena, na mitihani ndiyo hiyo. Ningemwambia abaki? Asingenisikiliza, na asingekuwa na kosa.

Undral akabaki dirishani akikutazama hadi ulipogeuza farasi na kichwa chako kikazama nyuma ya kilima. Kisha akasema, "Hakuja kunichukua. Angekuja kunichukua angeshuka. Amekuja kuona kama nipo."

Akaenda kwenye dawati lake akakaa. Mwalimu akafungua kitabu akaanza kuita majina. Lilipofika lake, aliitikia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, akigeuzia uso dirishani:

"Nipo!"

Darasa zima likacheka, Mwalimu Oyun akajifanya anatafuta kalamu. Mimi nilikuwa naokota ndoo.

Mitihani amemaliza leo. Matokeo bado, lakini mwalimu ametabasamu, na mwalimu yule hatabasamu ovyo. Joho halina tena harufu nyingi, limebaki kidogo kwenye kola. Jana amenipa nilinuse, akaniuliza kama bado ipo. Nikamwambia ipo. Akasema, "Na mimi naisikia," kisha akalikunja akaliweka begini mwenyewe.

Bweni linafungwa Jumapili. Njoo, na safari hii ushuke unywe chai. Lete farasi watatu. Mmoja wako, mmoja wa Undral, na mmoja awe mpole, kwa sababu ni miaka mingi sijapanda.

Yanjmaa